Risala kwa Mgeni Rasmi: Tunaomba Paa la Nyumba ya Wazee

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, waheshimiwa viongozi wa Kaunti na wa Serikali Kuu, chifu wetu na naibu wake, wazee wa kaya, mashehe na wachungaji mliofika, wanakikundi wenzangu, mabibi na mabwana, hamjambo.

Kwa niaba ya kikundi cha waganga wa mitishamba na wazee wa kaya hapa Ganze, Kaunti ya Kilifi, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tunajua kazi zako ni nyingi, na wapo waliowahi kualikwa hapa wakatuma wawakilishi. Wewe umekuja mwenyewe. Ahsante sana.

Mheshimiwa, historia yetu ni ndefu nasi tutaifupisha. Kaya za Wamijikenda, yaani vijiji vyetu vitakatifu ndani ya misitu, zilianza karne ya 16. Watu walihamia nje kidogo kidogo, ila makaburi na maombi yakabaki ndani ya msitu. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, alipita vijijini akicheza ngoma ya kifudu, akawalisha watu kiapo Kaya Fungo wasiwatoe vijana wao kuwatumikia Waingereza. Akapelekwa kifungoni Kisii, akatoroka, akarudi kwa miguu. Agosti 1914 Kaya Fungo ikalipuliwa. Mwaka 2008 UNESCO iliiingiza misitu 10 ya kaya katika Urithi wa Dunia, na mwaka 2009 mila zake zikaandikwa katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Haraka hiyo, Mheshimiwa, bado tunaingoja.

Mlezi wetu, ambaye sote twamwita Hawe, yaani bibi, ndiye huyo aliyeketi kulia kwako amevaa hando, vazi letu la asili la wanawake. Mizizi alifundishwa na shangazi yake angali kigori. Mvua ikikawia, ndiye anayetangulia kwenye maombi pamoja na wazee. Amezalisha watoto ambao leo ni walimu na polisi, na siku hizi mama mjamzito akifika kwake humsindikiza zahanati yeye mwenyewe. Akitaka ganda la mti hulichukua upande wa macheo na upande wa machweo, kipande kidogo kila upande, mti usife. Akichimba mzizi hafuati wa pili kwenye mti uleule, na shimo hulifukia kabla hajaondoka. Ndivyo anavyotufundisha sote, na kijana anayekata ovyo hampi dawa ya kuuza.

Chini ya uongozi wake kikundi kimepiga hatua ambazo hatudhani kuna kikundi kingine ukanda huu kilichozifikia. Tuna kitalu cha mwarobaini, mkwaju na mlonge, na miche yake imepandwa shuleni na kandokando ya msitu. Tumewafunza wanafunzi majina ya miti yao. Tumekubaliana na wahudumu wa afya kwamba mgonjwa mwenye kikohozi kisichopona hatumzuii kwetu, tunampeleka akapimwe. Zaidi ya yote, kila mwanachama ameapa mbele ya wazee kwamba hatapiga mburuga, yaani ramli, ili kumtaja mtu kuwa mchawi. Aliyevunja kiapo hicho tulimtoa. Tunalisema hili wazi kwa sababu lawama nyingine zinatufikia sisi wenyewe: wapo wenzetu wa kazi hii ambao kwa kulipwa kidogo wamenyoosha kidole, na mzee akauawa.

Hapo ndipo lilipo ombi letu, Mheshimiwa, na tunakuomba utuvumilie.

Kuota mvi katika Kaunti hii kumekuwa hatari. Mtoto akifa ghafla, au kijana akikosa kazi, anatafutwa mkongwe wa kulaumiwa. Kinachotajwa ni uchawi, na kinachogombaniwa ni shamba. Mashamba mengi bado yana jina la babu, wajukuu wanataka kuuza, na mzee ndiye anayekataa. Kwanza huja minong'ono, halafu barua inatupwa mlangoni usiku, halafu panga. Mzee mmoja alitufikia alfajiri na blanketi moja na mfuko wa nailoni. Ndani ya mfuko mlikuwa na kitambulisho chake na karatasi za shamba, amezikunja hadi zimechanika kwenye mikunjo. Waliomfukuza walikuwa wa damu yake, na hata leo hataki majina yao yatajwe.

Wazee kama huyo wanalala wapi? Wanalala kwa Hawe. Wanaume wamepewa chumba cha kuhifadhia dawa, wanawake wanalala jikoni, kando ya mafiga. Unga wanaununua kwa zile Sh 2,000 za mwezi za Inua Jamii, mpango wa Serikali wa kuwasaidia wazee, kwa waliofika miaka 70, zinapoingia. Mama huyu naye ni mkongwe. Naye ana mvi. Ameshaambiwa kwamba anafuga wachawi, na usiku vijana wetu wanalinda boma lake kwa zamu wakiwa na tochi tu.

Nyumba ya kuwahifadhi tumeianza. Ardhi imetolewa na ukoo mmoja kwa maandishi. Mawe tuliyabeba wenyewe, akina mama vichwani. Mgeni rasmi wa kwanza aliweka jiwe la msingi akatuahidi kuta na paa. Hatukumwona tena, kuta tukazipandisha sisi hadi kwenye linta. Wa pili alituahidi mabati kabla ya mvua za vuli. Tukaletewa saruji ambayo ilishaganda mifukoni. Wa tatu alituma watu wakapima kwa futi, wakapiga picha, wakaandika namba za simu zetu. Simu haijalia. Tunawashukuru wote, kwa kuwa kila mmoja alikuja na nia njema. Lakini ahadi ni deni, Mheshimiwa, na kuta zisizo na paa zinamomonyoka kila masika.

Kwa hiyo tunaomba mbao, mabati na misumari ya kuezeka vyumba sita na jiko. Tunaomba vyoo viwili vya kukalia, kwani wengi wao magoti hayakunji, na tanki la kuvunia maji ya paa hilohilo. Kazi ya mikono ni yetu, hatuombi fundi wala posho. Kifungu cha 57 cha Katiba kinasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo ya familia yake na ya Serikali. Familia imewakimbiza. Imebaki Serikali.

Tunajua nyumba hii haitazima chuki. Tungefurahi sana siku mzee akirudi kwake akaota jua uani pake bila woga. Mpaka hapo, apate pa kulala.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya risala hii utapewa nafasi ya kusema. Kwa heshima zote tunakuomba ututajie tarehe ambayo mabati yatafika, na afisa ambaye katibu wetu atamfuata tarehe hiyo ikipita. Kitabu cha kumbukumbu kiko mezani mbele yako, na ukurasa wa leo tumeuacha wazi ili uandike kwa mkono wako.

Tunaomba kuwasilisha.