Kabla hujachora bawa la Mustang

Swahibu yangu,

Salamu nyingi. Picha za Mustang yako, hiyo ndege ndogo ya plastiki unayoiunga kwa mfano wa ndege ya kivita ya Kimarekani, nimezipata. Bodi umeiunga vizuri, sioni hata dalili ya kiungo. Ila uliposema kesho unaanza kuchora upya kwa sindano mistari ya mabawa, ile mifereji ya kuonyesha bati zinapokutana, nikaona nikuandikie leo leo. Tafadhali weka sindano chini kwanza.

Mustang yangu ya kwanza niliichora bawa zima, jioni mbili, mstari kwa mstari, nikajiona fundi. Baadaye ndipo nikaja kujua kwamba kiwandani mabawa ya P-51, ndiyo Mustang yenyewe, yalizibwa fila (uji mzito wa kuziba nyufa) kwenye viungo na ribiti (pini za kushikanishia bati), yakapigwa msasa, kisha yakapakwa rangi, ili hewa iteleze bila kusumbuliwa. Yaani nilichora kwa bidii kile ambacho wenyewe walihangaika kukificha! Kuziba mifereji yangu mwenyewe kulinichukua muda mrefu kuliko kuichimba. Kwa hiyo kwenye bawa bakiza milango ya bunduki na risasi, vifuniko vya mafuta, na vile vipande vya nyuma vinavyopinda. Hivyo vya nyuma viwe na mfereji wa kina zaidi, maana pale kuna uwazi wa kweli, si bati kukutana na bati.

Na usidhani Wamarekani peke yao ndio walisumbuka. Waingereza, kwenye Spitfire ya kwanza kabisa, ile iliyoruka Machi 1936, walibandika njegere kavu zilizopasuliwa juu ya ribiti bapa, wapate kujua ribiti za kichwa duara zingekula kasi kiasi gani. Nikiwaza mtu mzima na gundi yake anabandika njegere kwenye ndege ya kivita, vumbi langu la plastiki silionei aibu tena.

Haya, bodi ndiyo ina mistari yake, hiyo chora. Rula yangu ni tepu ngumu ya kuandikia lebo. Ikate iwe nyembamba, itakubali kufuata mviringo. Mkato wa kwanza usibonyeze kabisa, uzito wa chombo unatosha. Mkato huo wa kwanza ndio unaoharibu kazi. Ncha ikishapata njia, mitatu minne inayofuata inakwenda yenyewe. Vuta, usisukume. Na tega sikio: plastiki ina sauti laini, ya kunong'ona. Ukisikia imegeuka mkwaruzo, umefika penye supaglu au fila, na hapo ncha hupenda kuruka pembeni. Punguza mkono.

Sindano haiondoi plastiki, inaisukuma tu kando, ndiyo maana ukipitisha kidole unahisi matuta mawili. Yaondoe kwa msasa laini wa namba 1000 kwenda juu, wenye maji, kisha sugua mfereji kwa mswaki mkuukuu. Ukiteleza, na utateleza, tia supaglu, uipige msasa ndani ya saa moja hivi. Ukiiacha ilale mpaka kesho inakuwa ngumu kuliko plastiki yenyewe, utamaliza plastiki ya pembeni na gundi iko palepale.

Upana nao usiuchezee. Kwa kipimo chako cha 1/72, mstari wa milimita 0.2 ni sawa na pengo la milimita 14.4 kwenye ndege halisi. Kidole kinaingia! Wengi wanapenda mifereji ile mipana kwa sababu inanywa rangi vizuri, lakini kwangu ndege inakuwa kama sakafu ya vigae. Rangi ya kuingiza mistarini isiwe nyeusi tii. Kijivu au kahawia iliyokolea inatosha.

Nimekuwekea ndani ya bahasha kipande cha tepu, tayari nimekikata. Kijaribu kwanza tumboni mwa ndege, palipojificha, kisha unipigie picha kwa karibu kabla hujagusa ubavuni.

Wako,
mwenzako wa msasa