Fundi anataka kuing'oa mashine ya saa ya mama mkwe, nifanyeje?

Ndugu Mhariri,

Naomba ushauri, hasa kwa wasomaji wanaozijua saa za zamani. Arobaini ya mwanangu wa kwanza ilipokwisha, mama mkwe alivua saa yake ya mkono akanifunga mwenyewe. Ni Omega ya kike, ya kutia ufunguo, uso wake haukizidi kifungo cha koti. Anasema baba mkwe, Mungu amrehemu, alimnunulia mwaka wa Azimio la Arusha. Zaidi ya hapo hakumbuki.

Usoni imeandikwa Omega na De Ville, basi. Nimesoma kwamba De Ville, moja ya aina za saa za Omega, ilianza 1960 ikiwa chini ya jina la Seamaster, aina nyingine ya Omega, na ikajitegemea mwaka 1967. Fundi alipofungua kifuniko niliona mashine ya rangi ya shaba, namba 620 ya aina ya mashine, vito 17 (vijiwe vya kupunguza msuguano), na namba ya tarakimu nane inayoanza na 25. Orodha za wakusanyaji wa saa huiweka namba hiyo kwenye mwaka 1967 hivi. Basi kumbukumbu ya mama ni ya kweli kabisa, na nilipomweleza alinishika mkono akaitazama upya.

Tabu ni kwamba saa hutembea kidogo ikasimama. Fundi anasema mafuta yamekauka na spea hazipatikani, bora aing'oe mashine yote atie ya betri. Mume wangu anamuunga mkono, kwani harusi ya wifi imekaribia na anataka mama anione nayo mkononi ikifanya kazi. Sonara naye anataka kulisugua kasha alichovye dhahabu upya, maana penye masikio ya mkanda dhahabu imelika na madini meupe yanaonekana. Lakini kasha limechorwa mikroni 20. Hiyo ni dhahabu ya kupakwa tu, unene wake sehemu mbili za mia za milimita. Akilisugua kwa mashine, kitabaki nini?

Mimi sikubali. Mashine ile ndiyo saa yenyewe. Mama ameitia ufunguo kila asubuhi tangu ujana wake. Ikitolewa nitakuwa nimevaa kasha.

Naomba kujua: ikiwa ni mafuta tu yaliyokauka, haitoshi kuifungua yote, kuisafisha na kuitia mafuta mapya? Kuna fundi Tanga, Dar es Salaam au Mombasa ambaye bado anashika mashine ndogo namna hii? Kichwa cha kutilia ufunguo hakina alama ya Omega, je, kilibadilishwa? Na kwa sasa niendelee kuitia ufunguo, au naiumiza ikitembea kavu? Mwisho, nimwambieje mume wangu bila kuonekana naidharau zawadi ya mama yake?

Mkaza mwana,
Tanga