Barua kwa mwanangu: kabla hujawasha mashine ya msasa

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Lushoto. Mama yako hajambo, mimi najikongoja. Dada yako alinipigia jana usiku akasema umekodi mashine ya msasa na Jumamosi unaanza sakafu ya sebuleni mwenyewe, bila fundi. Usingizi ukanipaa. Nikipiga simu unasema uko kazini, baba, nitakupigia. Basi naandika.

Barakoa unayo? Sisemi leso, wala ile nyembamba ya buluu ya hospitalini inayoacha mwanya mashavuni. Nasema ile ngumu ya kikombe, iliyoandikwa N95 au FFP2, yenye kamba mbili na kibati cha kubana puani. Nimekuwekea nane kwenye boksi. Zimenigharimu, usizigawe.

Zile parketi, vile vipande vya mbao vya sakafu yako, ni mninga. Nilizitambua siku niliyokuja, hata chini ya vanishi iliyopiga weusi. Wenzio wanabandika vigae juu ya mbao kama hizo na kujiona wamepata maendeleo; wewe umeona kilichomo, na hapo nimejua damu yangu haikupotea. Lakini kukodi mashine bila kuniuliza, mimi niliyekulisha kwa msasa miaka 38, hilo limeniuma. Ungeuliza tu.

Sasa sikiliza. Kabla ya kuwasha, piga magoti ugonge kila kipande kwa kifundo cha kidole. Kinacholia wazi kimeachia. King'oe, na chini yake ukikuta lami nyeusi ya zamani ikwangue kwa patasi. Usiipitishie mashine, maana ikipata joto inalainika na kuziba msasa wote. Msasa namba 40, ule wa chembe kubwa, ni wa kuondoa vanishi nene tu; namba ikipanda msasa unakuwa laini. Halafu 60, halafu 80, umalizie 120. Usiruke. Mikwaruzo ya 40 huioni mpaka upake vanishi, ndipo sakafu inaonekana kama uwanja walioparura kuku. Na kwa kuwa vipande vimelala huku na huku, mara ya kwanza pita mshazari. Mashine isisimame mahali pamoja ikiwa inazunguka, hata kwa pumzi mbili, itachimba bakuli ambalo hutaliziba. Ishushe ukitembea, iinue ukitembea.

Na barakoa uivae kabla ya kuwasha, sio ukishaanza kukohoa.

Babu yako alisugua miiko na vinu kwa majani ya mti wa msasa; karatasi hii tumeipa jina la mti ule. Unga wake ulikuwa ukimwagikia miguuni, unauona, unakung'uta kanzu, basi. Wa mashine ni mwembamba, unaelea. Ukizima unadhani hewa imetulia, kumbe bado unauvuta. Na wa mninga unawasha pua na kubana kifua. Wa mvule ndio usiseme.

Mwezi uliopita daktari wa kifua aliniuliza kazini nilikuwa navaa nini. Nikamwambia kitambaa, siku za vumbi jingi. Akaandika. Kisha akanieleza kwamba tangu 1995 wataalamu wa saratani wa kimataifa wameliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kumletea binadamu saratani, ya pua hasa. Mimi sijaambiwa nina hiyo, usimtishe mama yako. Ila njiani kurudi nilikuwa nawaza kile kifua chako cha utotoni. Mama yako alisema ni ukungu wa huku milimani, na mimi nikaitikia ukungu. Ule ufagio wa karakana ulikuwa mrefu kuliko wewe. Tuyaache hayo.

Usifagie! Futa kwa kitambaa kibichi, mara mbili tatu, na mlangoni pa chumbani tundika shuka lililoloweshwa. Mtoto anatambaa, na kila anachogusa anakipeleka mdomoni. Mfuko wa mashine umwage nje kila unapofika nusu, na jioni usilale nao ndani: vumbi lenye vanishi ya zamani linaweza kujipasha moto lenyewe hadi likawaka.

Vanishi paka mikono mitatu myembamba. Kama ni ya mafuta, subiri siku nzima kati ya mkono na mkono, upitishe msasa namba 220 kwa wepesi, kwa mkono, na hata hapo barakoa usivue. Jiko la gesi lizime, madirisha wazi.

Zile fedha zimefika, ahsante. Tumenunua mabati sita ya jiko, imebaki misumari na siku ya fundi. Mama yako anataka kwanza miwani. Mimi namwambia mvua haingoji miwani, naye hanisemeshi tangu juzi. Plamu zimezaa mpaka matawi yanainama. Nimekuwekea chache chini ya boksi, zilizo ngumu, zitaivia njiani.

Boksi nampa konda wa basi la alfajiri Ijumaa, limefungwa kwa kamba ya katani. Liwahi stendi, mtu asilichukue. Barakoa ziko juu kabisa, ukifungua tu unaziona.

Mjukuu wangu akalale kwa dada yako kuanzia Ijumaa mpaka vanishi ikauke na harufu iishe. Usinijibu kwamba utamfungia chumbani. Dada yako nimeshazungumza naye, amekubali, atamfuata saa kumi na moja jioni.

Ni mimi,
Baba yako