Alhamisi: kanieneo na vihami vya Kondo

Wakuu, habari za jioni. Kikao kipo palepale, Alhamisi saa 2 usiku.

Naona wengi mmeshahitimisha kwamba ukikibana kihami cha Kondo (kiwanja ambacho kikipoa huacha kupitisha umeme, kwa sababu elektroni za f, zilizo karibu na kiini cha atomi, huchanganyika na zile zinazopitisha umeme), pengo lake la nishati, yaani nishati ambayo elektroni inahitaji ili ipitishe umeme, lazima lizibe. Taratibu jamani. SmB6, kiwanja cha samariamu na boroni, kweli huziba: vipimo vya zamani vilionyesha inageuka metali kwenye gigapaskali 4 hivi (moja ni kama mara elfu kumi ya kanieneo ya hewa), vya baadaye, vilivyobana sawasawa pande zote, vikafika karibu 10. Ila Ce3Bi4Pt3, kiwanja cha seriamu, bismuthi na platini, ni mkaidi, ukiibana pengo linapanuka!

Siri iko kwenye ukubwa wa ioni. Kanieneo hupendelea ioni ndogo. Kwa samariamu ndogo ni Sm3+, yenye usumaku, kwa hiyo uhami unavunjika. Kwa seriamu ndogo ni Ce4+, haina usumaku. Elektroni za f zinazidi kuchanganyika na zile zinazopitisha umeme, na pengo linakua.

Sasa kazi: iterbiamu, Yb2+ ni kubwa kuliko Yb3+. Mnatarajia nini kwa YbB12, kihami cha Kondo cha iterbiamu na boroni, ukikibana? Andikeni kabla ya kikao. Na grafu zipigwe picha mchana tafadhali, za juzi nilisoma kwa kubahatisha.