Anza na kilo nne, shoga yangu

Tabata, Dar es Salaam
Jumapili asubuhi

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Huku kwetu hatujambo, ila joto la Dar limesharudi, usiku feni haizimwi.

Ile sauti uliyonitumia juzi nimeisikiliza mara mbili. Nikaona hili si jambo la kujibu kwa meseji mbili tatu nikiwa ndani ya daladala, ndiyo maana nimekaa chini nikuandikie. Umesema una kilo 88, na mpaka harusi ya mdogo wako, wiki nane kutoka sasa, unataka uwe na 68. Ukasema safari hii hakuna kurudi nyuma. Nakupenda, Rehema, na ndiyo maana nakuomba hiyo 68 uifute leo hii.

Hebu tupige hesabu. Kilo 20 kwa wiki nane ni kilo mbili na nusu kila wiki. Mtu anayepungua vizuri, anakula na anaendelea na kazi zake, hupungua nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki. Kwa wiki nane hizo ni kilo nne mpaka nane, na hiyo nane ni ya mtu ambaye mambo yote yamemnyookea, hana mgeni, hana msiba, hana mtoto anayeumwa usiku. Wewe nyumba yako naijua. Andika 84.

Najua utaiona ndogo. Mimi mwaka juzi nilikuwa na kilo 94 na nilianza na hiyo hiyo tamaa ya kilo 20. Nikala kabichi ya kuchemsha na maji ya ndimu, nikanunua na chai ya kupunguza tumbo kwa dada mmoja aliyekuwa anapita maofisini, ikanipeleka chooni siku tatu. Wiki ya kwanza mizani ikashuka kilo nne. Nilifurahi, nikapigia watu simu. Baadaye nikala sahani moja ya pilau kwenye maulidi, kesho yake kilo mbili zimerudi, na kwenye wiki mbili zote nne zilikuwa zimerudi. Siku ile nilijifungia chumbani nikalia, nikiamini mwili wangu una kasoro.

Mwili haukuwa na kasoro, sehemu kubwa ilikuwa maji. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo inashika kama gramu tatu za maji. Ukiacha ugali na wali kwa ghafla, akiba inatumika, maji yanatoka, mizani inashuka. Ukirudi kula, maji nayo yanarudi. Mafuta yenyewe yalikuwa yameguswa kidogo sana. Laiti ningeambiwa hivyo mapema.

Aliyeniweka sawa ni nesi wa kliniki ya presha. Aliniuliza lengo langu, nikamwambia. Hakunicheka. Akaniambia nianze na asilimia 5 ya uzito wangu, kwa sababu hapo hapo presha na sukari huanza kuonyesha nafuu. Kwako wewe asilimia 5 ni kilo nne na kidogo. Akanieleza pia utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002, wa watu ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda kama yako. Waliwekewa lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, zaidi kutembea kwa kasi. Waliopewa mpango huo walipata kisukari kwa asilimia 58 chini ya wenzao ambao hawakuupata. Asilimia 7 yako ni kilo sita, Rehema, siyo ishirini. Mama yako kisukari unakijua kilivyomfanya. Hilo kwangu ni kubwa kuliko picha za ukumbini.

Sasa jikoni. Mimi sikuacha ugali wala wali. Nilichofanya ni kupima mafuta. Zamani nilikuwa namimina kutoka kwenye dumu, mkono ndio unaojua. Siku moja nikamimina kama kawaida, lakini kwenye bakuli, kisha nikayachota kwa kijiko kikubwa cha mezani kuyahesabu. Vijiko saba! Kwa mboga ya watu wanne. Kijiko kimoja cha namna hiyo kina kalori kama 120, kwa hiyo kila mtu alikuwa anakula karibu vijiko viwili vya mafuta ndani ya mchicha. Nikashuka mpaka vijiko vitatu. Wiki ya kwanza baba watoto aliuliza mboga imekuwaje, wiki ya tatu hakuuliza tena. Hapo kila mtu amepunguza kalori 120 kwa siku bila kulala na njaa. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700, kwa hiyo kijiko hicho kimoja kwa miezi miwili kinakaribia kilo nzima. Mwili haufuati hesabu kama duka, lakini njia ni hiyo. Na soda ya mchana, ile chupa ya glasi, nyingi zina sukari karibu vijiko tisa vya chai. Hiyo niliiacha kabisa.

Kuhusu kutembea sina mengi. Nashuka kituo kimoja kabla jioni, na kazini napanda ngazi.

Ninachotaka ukishike zaidi ni namna ya kujipima, maana hapo ndipo ulipokata tamaa mara zote mbili zilizopita. Jipime mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi ukitoka chooni, kabla ya chai, ukiwa na kanga tu. Mizani iwe ile ile, kwenye sakafu ngumu, isiwe juu ya zulia. Usijipime leo nyumbani, kesho kwa yule kijana wa barabarani mchana ukiwa na viatu na mkoba. Ukila ng'onda usiku, asubuhi chumvi imeshika maji na umepanda hata kilo moja. Ukikaribia siku zako ni hivyo hivyo. Iandike kwenye daftari kama ilivyo, na pembeni andika sababu. Ukitaka kujua umefika wapi, linganisha wiki nne na wiki nne.

Halafu nunua futi ya fundi. Tafuta kwa kidole ubavu wa mwisho, tafuta na mfupa wa nyonga, futi ipite katikati hapo, juu ya ngozi, ukiwa umetoa pumzi kawaida, usivute tumbo ndani. Kwa wanawake, kiuno kikizidi sentimita 80 hatari ya magonjwa ya moyo na kisukari inaanza kuongezeka, kikizidi 88 inaongezeka sana. Mimi nilipofika kilo 89 mizani iligoma wiki tano. Mwili mdogo unatumia nguvu kidogo kuliko mkubwa, kwa hiyo kile chakula kilichokuwa kinanipunguza kikawa kinanitosha tu. Ningekuwa na mizani peke yake ningeacha. Lakini daftari lilionyesha kiuno kimeshuka sentimita tatu ndani ya wiki hizo hizo tano, nikaendelea. Leo asubuhi nimesoma 86. Imenichukua mwaka na nusu na sitaki kukuficha hilo.

Zile dawa zako za presha usiziache wala kuzipunguza mwenyewe hata ukijisikia mwepesi. Mwambie daktari kwamba unapungua, yeye ndiye ataamua dozi.

Na gauni la harusi lishonwe kwa vipimo vya sasa. Mwambie fundi aache kitambaa cha akiba kwenye mishono ya ubavuni, wiki ya mwisho atalibana kadiri utakavyokuwa umepungua. Usilipe gauni la kilo 68 ukalitundika ukutani likawa linakutazama kila siku.

Jumapili ijayo saa 1 asubuhi mimi nitakuwa juu ya mizani yangu. Na wewe panda yako, kisha nitumie namba ya kilo na namba ya kiuno, hata kama imepanda. Nitakutumia zangu kabla sijanywa chai.

Wako,
Zuhura