Kwa Mhariri: Waelezeni vijana mataji ya Froome yalipatikanaje

Mhariri,

Kurasa za michezo humtaja Chris Froome, mwendesha baiskeli mzaliwa wa Nairobi, kwa mataji yake manne ya Tour de France, kisha basi. Vijana wetu wanahitaji zaidi ya hapo.

Chukueni hatua ya 19 ya Giro d'Italia 2018, mbio za baiskeli za Italia za siku nyingi, alizoshinda pia. Froome alichomoka peke yake kilomita 80 kabla ya mwisho, na wasaidizi wa timu wakapangwa mlimani kumpa chakula na maji. Siri ni hiyo: gramu 60 hadi 90 za wanga kila saa, kuanzia nusu saa ya kwanza. Anayengoja njaa amechelewa; akiba ya wanga iliyo kwenye misuli huisha kwa saa mbili hivi, miguu ikaishiwa nguvu ghafla. Tumbo nalo lizoezwe mapema, la sivyo litamtapisha siku ya mbio.

Somo jingine ni la usalama: Juni 2019 Froome alitoa mkono kwenye usukani ili apenge kamasi, upepo ukapiga gurudumu la mbele, akagonga ukuta na kuvunjika paja. Rimu yenye kina kirefu, kutoka tairi kuelekea katikati ya gurudumu, hushika upepo wa ubavuni kama tanga. Punguza mwendo kwanza, ndipo uachie mkono.

Wakufunzi wa baiskeli,
Nakuru