Ndimu si ya kila chombo, magadi si ya kila sufuria

Mhariri,

Video fupi zinazopitishwa kwa simu zimewarudisha watu wengi kwenye ndimu, siki, magadi, chumvi na jivu katika kusafisha jiko, nami naliunga mkono jambo hilo kwa dhati. Katika mji wa mawe kama Lamu, kisima na shimo la choo havikai mbali, na dawa kali inayomiminwa kwenye sinki huishia katika ardhi ileile tunayoteka maji. Kasoro ni kwamba video hizo hufundisha kuchanganya kila kitu na kila kitu, kisha kupaka popote. Matokeo yake ni sufuria zilizopiga weusi, kuta zilizochubuka, na watu wanaosema vitu vya asili havisaidii. Vinasaidia sana, ila kila kimoja kina kazi yake.

Vitu vichachu, yaani ndimu, siki na ukwaju, huyeyusha chokaa na kutu, na huua shombo la samaki. Magadi na jivu hukata mafuta. Ukivitia pamoja vinauana. Lile povu linalowafurahisha watu ni hewa ya kaboni inayotoka, na kinachobaki ni maji yenye chumvichumvi, yasiyo na ukali wa ndimu wala nguvu ya magadi. Povu hilo lina faida ndogo pale tundu la sinki linapoanza kuziba: mimina nusu kikombe cha magadi soda, kisha kikombe kimoja cha siki, ngoja dakika 15, umalizie na maji ya moto. Ikiwa bomba ni la plastiki, maji yasiwe yanayochemka, maana hulilainisha na viungo vyake vikaachia. Na mchanganyiko huo usitiwe kamwe kwenye chupa iliyofungwa, kwa sababu hewa yake huipasua.

Hapo niseme neno juu ya magadi yenyewe. Magadi soda ya unga inayouzwa dukani ni laini na inafaa kwa kazi nyingi. Magadi ya mawe yatokayo Ziwa Magadi ni makali zaidi na huchubua mikono, basi tumia nusu ya kipimo. Beking pauda si magadi soda: ndani yake mna kitu kichachu na wanga, kwa hiyo ni kupoteza pesa.

Kosa kubwa kuliko yote liko kwenye sufuria. Sufuria nyingi za majumbani kwetu ni za alumini, na alumini haipatani kabisa na magadi wala jivu. Ukichemsha magadi ndani yake ili kutoa ukoko, ukoko utatoka, lakini sufuria itageuka nyeusi na uso wake utaanza kulika. Kwa alumini tia maji yafunike ukoko, chemsha dakika 10, acha yapoe, ukwangue kwa mwiko wa mbao. Weusi ukishaingia, dawa yake ni uchachu: lita 1 ya maji na maji ya ndimu 3, au vijiko 2 vikubwa vya ukwaju uliokamuliwa, yachemke polepole dakika 10 hadi 15. Mwaga, suuza, na usiyalaze humo usiku kucha, kwani uchachu nao ukikaa sana huila alumini. Magadi yaende kwenye sufuria za chuma cha pua, kile kisichoshika kutu: vijiko 2 vikubwa kwa lita 1, yachemke dakika 10, na ukoko utabanduka bila kusuguliwa. Kikaango cha chapati cha chuma hakitaki chochote kati ya hivyo. Kisugue kwa chumvi ya mawe na tone la mafuta kikiwa bado na moto kidogo, ukipanguse, basi.

Jivu ndilo sabuni ya masizi, na makumbi ya nazi ndiyo brashi yake. Lichekeche kwanza, kwa sababu punje za mkaa hukwaruza. Tumia jivu la kuni au mkaa safi pekee. Jiko likiwashwa kwa vipande vya plastiki, jivu lake halifai kugusa chombo cha chakula. Changanya na maji kidogo hadi liwe kama uji mzito, usugue nje ya vyungu vya chuma na vyombo vya chuma cha pua. Vikaango visivyoshika chakula visiguswe na jivu hata kidogo.

Sasa chokaa. Birika likipiga ganda jeupe ndani, tia kikombe 1 cha siki nyeupe na vikombe 2 vya maji, chemsha, zima, liache nusu saa, kisha mwaga na uchemshe maji matupu mara mbili. Siki ya nazi ya kienyeji inafaa, lakini nguvu yake hutofautiana. Dondosha tone moja juu ya ganda, lisipotoa vipovu, siki hiyo imechoka.

Na hapa ndipo Lamu inapotofautiana na miji mingine. Nyumba zetu za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa lipu ya chokaa, na chokaa ya ukutani ni ndugu ya ile ya birika. Ndimu haijui ipi ni ya kuondolewa na ipi ni ya kulindwa. Ukipangusa ukuta wa jiko kwa siki ili kutoa mafuta, unauyeyusha ukuta wenyewe, na mafuta yanabaki palepale. Sakafu ya saruji, marumaru ya mawe, hata saruji iliyo kati ya vigae, vyote huumia vivyo hivyo. Jaribu tone moja pembeni, likitoa vipovu, acha. Mahali hapo tumia kijiko 1 kikubwa cha magadi soda katika lita 1 ya maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, panguza, suuza kwa kitambaa, kausha. Nawasihi wenye nyumba za mji wa kale walitilie maanani jambo hili, maana lipu iliyolika hairudi kwa kusafishwa.

Shombo linataka mpangilio. Kibao na kisu vioshwe kwanza kwa maji baridi. Maji ya moto huyapika mabaki ya samaki yakagandama kwenye mikwaruzo. Kisha sabuni. Kisha nyunyiza chumvi, sugua kwa nusu ndimu, ngoja dakika 10, suuza, ukisimamishe kibao kipigwe na upepo pande zote mbili. Ndimu inaondoa harufu, haiui vijidudu vyote. Kibao kilichokatiwa kuku au samaki mbichi kimiminiwe maji yanayochemka baada ya sabuni. Ukimaliza kukamua ndimu nawa mikono vizuri kabla ya kutoka juani, kwa sababu maji yake yakikutana na jua juu ya ngozi huleta malengelenge na mabaka meusi ya wiki nyingi.

Kifumbu cha kukamulia nazi kikibaki na tui huchacha na kuharibu tui la kesho. Kioshe papo hapo kwa maji ya moto bila sabuni ya manukato, ukikung'ute, ukianike. Meno ya mbuzi ya nazi yakaushwe mara moja na kupakwa mafuta ya nazi kidogo, la sivyo upepo wa bahari utayatia kutu. Masinia ya shaba husafishwa kwa ukwaju na chumvi, yakasuuzwa na kukaushwa upesi, lakini ndani ya sufuria ya shaba iliyopakwa bati pasisuguliwe. Kitambaa cha vyombo kichemshwe dakika 10 na kianikwe kila siku.

La mwisho ni la hatari. Klorini ya kufulia nguo nyeupe isikutane na siki wala ndimu, hata kama ni kwa "kuongeza nguvu". Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu inayochoma macho na mapafu, na jiko lenye dirisha moja dogo hujaa mara moja. Ikitokea, usimwagie kitu kingine. Toka, watoe watoto, acha milango wazi, na anayekohoa au kubanwa kifua apelekwe hospitali. Ukitaka kutumia vyote viwili kwenye sinki moja, suuza cha kwanza kwa maji mengi, na cha pili kisubiri kesho.

Msomaji wenu,
Mkomani, Lamu